Jiwe halioti tena: tuangalie atelye za mbao za Thailand



Kila mara habari inatembea kwamba kampuni fulani itapunguza watu, swali ni moja mu mikutano yetu: "Kiisha pale, tutakula nini?" Na kila mara kuko mukubwa mwenye anasimama na kujibu mbio mbio: "Mufanye kazi za mikono. Muangalie Thailand. Kule jamaa moja inachonga tembo wa mbao mu lupango, inamutuma Ulaya, na inalipa masomo ya watoto."

Sisi wa sendika tumesikia jibu hilo mara nyingi. Hatulikatai. Lakini sendika haikubali kitu paka juu mukubwa amekisema. Kwa hiyo tuangalie hiyo kazi ya Thailand na macho ya mufanyakazi: nani anakata muti, nani anachonga, nani anapanga bei, nani anavuta vumbi, na feza inabakia wapi. Wazo letu tunalitoa tangu mwanzo, tusipotezeane wakati. Atelye ya jamaa inaweza kulisha nyumba, na sisi watu wa Katanga tuko na uwezo wa kuifanya. Lakini kama masharti fulani hayako, itakuwa kariere ingine tu, yenye jina nzuri.

Kwanza tujue mahali

Kaskazini ya Thailand kuko muji wa Chiang Mai. Ukitoka mu muji na kwenda kusini kilometa karibu 15, unafika Ban Tawai, mu wilaya ya Hang Dong. Wazee wa pale walikuwa walimaji wa mupunga. Shamba la mupunga liko na wakati wake: ukimaliza kuvuna, mikono inakaa miezi bila kazi. Mu miaka ya 1950 na 1960, wamoja wao wakaenda kutafuta kazi ku maduka ya muji yenye kuuzisha vitu vya kuchongwa. Wakajifunza kule, wakarudi na ufundi ku mukini, wakaonyesha ndugu na majirani. Pole pole mukini wote ukashika patasi. Leo Ban Tawai inajulikana mbali: tembo wa mbao, maua ya kutundika ku ukuta, milango, viti, masanduku yenye rangi ya zahabu.

Tuangalie vizuri namna ufundi ulivyoingia. Mutu alijifunza mu kazi ya patro, kiisha akaubeba mpaka mu lupango yake. Na sisi tuko na watu sawa wale. Fundi wa kuunga vyuma, fundi wa mashini ya kuzungusha chuma, fundi wa mbao mwenye alitengeneza milango ya nyumba zote za kampi: siku kampuni inawafukuza, wanarudi nyumbani na ufundi mu mikono, lakini kila mumoja anarudi peke yake. Kule Ban Tawai walirudi na wakafundisha mutaa muzima. Hapo njo tofauti ya kwanza.

Namna kazi inagawanywa

Mutu wa mbali anafikiri fundi mumoja anaingia na gogo na anatoka na tembo. Kazi haiendi vile. Nyumba hii inapasua magogo. Nyumba ile inachonga sura. Nyumba ya tatu inasugua na musasa mpaka mbao inakuwa laini. Wengine wanapaka rangi na verni, wengine wanabandika karatasi nyembamba za zahabu ao vipande vya kioo vya rangi. Mara nyingi wanaume wanashika shoka na patasi, wanawake na wazee wanasugua na kupaka. Kiisha kuko duka, na nyuma ya duka kuko mutu wa kufunga mali na kuipakia mu kontenere.

Na kati ya hiyo yote kuko kazi yenye mununuzi haioni: kukausha. Mbao mbichi iko na maji ndani. Tembo akitoka Chiang Mai na maji mu tumbo, siku atafika mu nyumba ya Ulaya yenye kupashwa moto wakati wa baridi, atapasuka. Mununuzi atarudisha mali, ao hatanunua tena. Juu ya hiyo kuko tanuru za kukausha, na kuko dawa ya kuzuia wadudu wenye kutoboa mbao. Hata sanduku la mbao lenye kubeba mali liko na sheria yake. Kanuni ya kimataifa yenye kuitwa ISPM 15 inaomba mbao ya sanduku ipashwe moto mpaka digri 56 katikati yake, kwa dakika 30, kiisha ipigwe muhuri. Bila muhuri ule, mali inaweza kukataliwa ku bandari.

Juu ya nini tunaeleza mambo haya ya tanuru na muhuri? Kwa sababu hapo njo miradi mingi yenye tunaletewa inakufa. Wanakuja, wanapatia wamama mashini ya kushona kumi, wanapiga picha, wanaenda. Hakuna mutu mwenye kuuliza: mali itauzishwa wapi? Nani ataifunga? Nani anajua makaratasi ya duwane? Kuchonga ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kukausha, kufunga, kuandika na kujua mununuzi anaitwa nani. Mukini wenye kujua nusu ya kwanza tu utabakia mutumishi wa mutu mwenye kujua nusu ya pili. Sisi tunajua hiyo vizuri: wachimbaji wa mukono wanajua kutoa jiwe, lakini mwenye depo njo anajua teneri, na bei inatoka mu kinywa chake.

Siku muti ulikwisha

Hadithi ya muti wa Thailand, mutu wa Katanga ataielewa bila mutafsiri. Mu karne ya 19, wakati inchi ile ilikuwa inaitwa Siam, kampuni za Waingereza sawa Bombay Burmah Trading Corporation na Borneo Company zilipata ruhusa za kukata teki mu mapori ya kaskazini. Tembo wa kweli walivuta magogo mpaka ku muto, na maji yakayabeba. Mu mwaka wa 1896 mufalme akafungua idara ya mapori, na mukubwa wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Herbert Slade. Kwetu Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Miaka kumi tu inatenganisha hizo hadithi mbili: mali ya udongo wetu, ruhusa ya mugeni, njia ya kuitosha inje.

Magogo yakaendelea kutoka miaka karibu mia. Mu mwezi wa Novemba 1988, mvua kali ilianguka kusini ya Thailand. Milima yenye ilikuwa imekatwa miti ikashuka pamoja na udongo na magogo, ikafunika vijiji. Mamia ya watu wakakufa. Wananchi wakakasirika, na mu mwezi wa Januari 1989 Leta ya Thailand ikafuta ruhusa zote za kukata miti mu mapori ya asili.

Sasa tujiweke mu nafasi ya jamaa yenye inaishi na patasi. Siku moja sheria inasema: teki ya pori, basi. Kwao ilikuwa sawa vile kwetu siku wanasema mugodi umefungwa. Walifanya nini? Wamoja walinunua mbao yenye kutoka Birmania, inchi jirani, na hapo kulikuwa pia mbao ya wizi, tusifiche. Wengine wakachonga tena mbao za nyumba za zamani zenye kubomolewa. Na wengi wakageukia miti yenye hakuna mutu alikuwa anaiheshimu. Kuko muti wenye wanauita chamchuri. Asili yake ni Amerika, na kule kaskazini walikuwa wanaupanda juu ya wadudu wenye kutoa gundi ya laki. Mbao yake iko nyepesi kuchonga, na moyo wake uko na rangi nzuri ya giza. Walichukua pia muti wa muembe: muembe wenye umezeeka na hauzai tena unakatwa, unazungushwa ku mashini, unakuwa chombo cha maua cha kuuzisha inje.

Ndugu, muembe! Kuna lupango gani Likasi ao Kipushi yenye haina muembe?

Na sheria yao ilikuwa na kasoro moja kubwa. Hata mutu akipanda teki mu shamba lake mwenyewe, hakuweza kuikata bila ruhusa ya Leta. Kwa hiyo watu hawakuwa na hamu ya kuipanda. Paka mwaka wa 2019 njo sheria iligeuzwa, na mwenye shamba akapata haki juu ya miti ya udongo wake. Inatufundisha kitu: kukataza peke yake hakuoteshi muti. Mutu anapanda kama anajua kesho hatanyanganywa.

Lakini kuko tofauti moja na sisi, na hiyo tofauti iko juu ya kila kitu. Muti ukikatwa, unaweza kupanda mwingine, mutoto wako ataukata. Jiwe halioti tena. Kobalti yenye ilitoka jana haitarudi mu shimo. Kama watu wenye mali yao inaota walilazimishwa kutafuta njia ingine, sisi wenye mali yetu haioti tunangojea nini?

Mukula ulipita mbele ya macho yetu

Watu wengine watasema: hii ni habari ya Asia, sisi ni watu wa shaba. Basi tukumbuke mukula. Mu miaka ya 2010 tuliona makamyo yenye kubeba magogo mekundu ku barabara ya Kasumbalesa, yanaelekea Zambia na bandari, mpaka China. Kule ule muti mwekundu unafanywa viti na meza za watu wa feza. Mu mwaka wa 2019 inchi za dunia ziliweka mukula ku orodha ya CITES, ile mapatano yenye kulinda miti na wanyama, ili biashara yake ichungwe. Wakati huo mapori mengi ya kwetu yalikuwa yameisha kupitiwa.

Mukini ulipata nini? Kijana mwenye kukata alipata feza ya siku. Shefu alipata zawadi. Gogo likaenda nzima, hakuna hata kiti kimoja chenye kilichongwa huku. Na mutu mwenye kununua kile kiti hajui jina la mukini wetu.

Sasa tuweke gogo la mukula pembeni ya gogo la chamchuri la Ban Tawai. Chamchuri ni muti wa bei ndogo kuliko mukula. Lakini kabla ya kutoka, umepita mu mikono ya mutu wa kupasua, wa kuchonga, wa kusugua, wa kupaka na wa kufunga. Kila mukono ulilipwa kitu. Feza ile ilibakia ku mukini, ikanunua muchele, ikalipa masomo. Kwa sisi wa mugodi, hesabu ni ile ile. Jiwe lenye kutoka mbichi linaacha shimo na vumbi. Jiwe lenye kupita mu mikono mingi linaacha mishahara.

Malakiti inatuonyesha hiyo. Mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tangu zamani wanakata malakiti, wanaisugua, wanatosha mikufu, visanduku na wanyama wadogo. Wengine wanapiga shaba na nyundo mpaka inatoka picha. Hawa watu wako, tunawapita kila siku. Hatujasikia hata kikao kimoja kikubwa cha mugodi chenye kiliwaita na kuwauliza: muko na shida gani?

Na macho ya sendika

Hapa tunawaomba wasomaji wasikimbie. Atelye ya jamaa iko na sura nzuri ku picha: baba anachonga, mama anasugua, bibi kizee anapaka rangi, watoto wanacheza pembeni. Sisi tunauliza maswali yenye tunauliza kila patro.

Swali la kwanza: bei. Jamaa inalipwa kwa kipande. Tuseme, kwa mufano tu, tembo anatoka mu lupango na bei ya 10, na anauzishwa ku duka la Ulaya kwa 60. Kati ya 10 na 60 kuko mununuzi wa kwanza, kontenere, duwane, mwenye duka. Hiyo ni kazi, nayo iko na bei yake. Lakini kama jamaa haijui ile 60, haina nguvu ya kuomba 15. Na ikiomba, mununuzi anavuka barabara, jirani anakubali 9. Njo vile kazi ya kuigana inaua watu. Kuko chura wa mbao wa Thailand mwenye mugongo wa meno. Ukimusugua na kijiti, analia. Mutu wa kwanza mwenye kumutengeneza bila shaka alipata feza. Leo unamukuta ku kila meza ya soko, na bei yake imekuwa ya kitu kidogo. Kwetu ni vile vile na tembo wa malakiti: meza kumi, tembo mumoja, bei inashuka mpaka chini.

Swali la pili: vumbi. Watu wa mugodi wanajua vumbi la jiwe linafanya nini mu mapafu. Wengi wanafikiri vumbi la mbao ni chakula tu cha pua. Hapana. Kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa kansa kiliweka vumbi la mbao ku orodha ya vitu vyenye hakuna mashaka vinaleta kansa, mwaka wa 1995. Vumbi la silika, lile la jiwe, likawekwa mwaka wa 1997. Ni kundi moja. Mutu anatoka chini ya mugodi juu ya mapafu yake, kiisha anaingia mu atelye bila kitambaa ku pua, na verni inamunukia siku nzima mu chumba chenye watoto wanalala. Hajaokoka bado.

Swali la tatu: nani anahesabiwa? Mu atelye ya jamaa, mwenye jina ku karatasi ni mara nyingi mumoja. Wengine "wanasaidia". Mama mwenye kusugua saa nane kwa siku "anasaidia". Kijana mwenye kubeba magogo "anasaidia". Siku ya ugonjwa, ao siku baba anakufa, wenye walisaidia hawana kitu cha kuonyesha. Sisi tunakataa hilo neno. Mwenye kufanya kazi ni mufanyakazi, hata kama patro wake ni bwana yake.

Swali la ine: mununuzi akikosa, tunafanya nini? Mu mwezi wa Julai 1997 feza ya Thailand, bati, ilianguka. Mbele dolari moja ilikuwa bati karibu 25, kufika mwanzo wa 1998 ikapita 50. Mwenye kuuzisha inje kwa dolari alipata bati nyingi, hata kama inchi nzima ilikuwa inalia. Lakini mwaka wa 2020 ilikuwa kinyume. Mwaka wa 2019 watalii karibu milioni 40 waliingia Thailand. Korona ikafunga mipaka, na mikini yenye kuishi na wageni ikakaa kimya. Bei ya kobalti inatufanyia vile vile. Mutu mwenye kutoka mu kobalti na kuingia mu tembo wa mbao amebadilisha soko, hajatoka mu hatari ya soko.

Wanasema hatuwezi

Kuko wenye wanasema watu wa Katanga ni watu wa mushahara, hawajui kuchonga. Huo ni usahaulifu mukubwa. Vitu vya mbao vya Waluba, Wahemba, Watabwa na Wachokwe viko mu nyumba kubwa za makumbusho, ku Tervuren na kwingine, na watu wa dunia wanalipa kuviangalia. Babu zetu walichonga kiti cha shefu chenye mwanamuke anakibeba na kichwa, na walikuwa wanayeyusha shaba na kuimwanga mu umbo la musalaba mbele ya muzungu kufika. Ufundi haukukosa. Ulikatwa, kwa sababu mufanyakazi aliombwa mukono wake tu.

Wengine wanasema: hatuna watalii. Kweli. Lakini mali nyingi ya Chiang Mai inatoka na kontenere, inakuta mununuzi kwake. Na sisi tuko na soko mbele ya kwenda mbali. Hoteli zinafunguliwa Kolwezi na Lubumbashi. Viti vyake vinatoka wapi? Kampi za kampuni zinajengwa. Milango inatoka wapi? Makanisa yetu yananunua viti vya plastike. Tuanzie pale.

Wengine wanasema: muti wenyewe hauko, pori lote limekuwa makala. Hapo wako na haki, na hapo njo tunaomba kazi ianzie.

Sisi tunaomba nini

Sheria ya migodi yenye iligeuzwa mwaka wa 2018 inasema kampuni iweke asilimia 0,3 ya mauzo yake pembeni kwa maendeleo ya watu wenye kuishi karibu na mugodi. Inasema tena asilimia 15 ya ushuru wa madini iende ku miji, sekta na shefferi, na asilimia 10 iwekwe juu ya vizazi vyenye vitakuja. Feza hiyo si zawadi ya mutu. Ni ya kwetu, na tuko na haki ya kusema itumiwe namna gani.

Tunaomba, mbele ya yote, mahali pa kazi pa pamoja: mashini ya kupasua, tanuru ya kukausha, chumba cha verni chenye kutoa hewa inje, na umeme wenye kutosha. Jamaa moja haiwezi kununua tanuru. Jamaa makumi matatu zinaweza kuitumia kwa zamu. Mashini za kushona za kugawanya na picha, tumechoka nazo.

Tunaomba miti ipandwe sasa ku udongo wenye kampuni imemaliza kuchimba na kusawazisha, na iandikwe ku jina la kooperative ya watu wa pale. Mutu apande akijua atakata. Kwa kungojea, kuko miembe mizee ya lupango.

Tunaomba kooperative za mafundi, sawa vile sheria inaomba kooperative kwa wachimbaji wa mukono. Lakini kooperative ya kweli, yenye karatasi ya bei imetundikwa ku mulango, na hakuna mutu anauzisha chini ya ile bei. Tunajua kooperative zenye mukubwa mumoja anazibeba mu mufuko. Hizo hatuzitaki mu mbao kama vile hatuzitaki mu jiwe.

Tunaomba kila mwenye kufanya kazi mu atelye aandikwe, mama na kijana mukubwa, na watoto wabakie ku masomo. Sendika ifungue mulango kwa hawa watu.

Na wazee wa ufundi wenye wametoka ku mugodi waitwe kufundisha, na walipwe kwa kufundisha. Fundi akikufa bila kumuachia mutu kazi yake, ni mashini nzima imefungwa.

Neno kwa wenye kampuni

Musituelewe mubaya. Tukisema atelye, hatujasema kampuni iwe huru. Tunaona namna neno "reconversion" linatumiwa: mutu anapewa kikaratasi cha mafunzo ya wiki mbili, kiisha haki zake zinasahauliwa. Kwanza mulipe mishahara yenye munadaiwa, hesabu ya mwisho, na matunzo ya mwenye mapafu yameharibika. Kiisha tuongee mbao. Walimaji wa Ban Tawai walishika patasi wakiwa bado na shamba la mupunga. Walikuwa na chakula nyumbani wakati wanajifunza. Mutu mwenye njaa hajifunzi kuchonga; anauzisha patasi.

Kwa wafanyakazi wenzetu, neno letu ni fupi. Ku mukutano wenye unakuja wa kuongea juu ya cahier des charges, musiende na ombi la kisima na bati za paa peke yake. Muulize asilimia 0,3 ya mwaka huu ni kiasi gani na iko wapi. Muulize nani amekaa mu komite yenye kuigawanya, na kama kuko mwanamuke mumoja ndani. Kiisha muweke tanuru, mashini na miti ku orodha, na muombe karatasi yenye sahihi. Mugodi ungali wazi leo, na feza ingali inapita. Siku utafungwa hatutakuwa na mutu wa kuuliza.